Uzi maalumu: kufunga HID kwenye taa za mbele, kuanzia nyaya hadi kupima ukutani

#1 mleta_uzi

Wakuu, salaam. Naandika kwa kirefu kuhusu taa za HID kwa sababu gari langu limepitia njia zote mbili. Kwanza nilizifunga vibaya na nikaendesha hivyo miezi kadhaa, kisha nikazing'oa na kuzifunga upya inavyotakiwa. Nikiwakumbuka watu niliowapiga mwanga machoni kipindi kile roho inaniuma, ndiyo maana sitaki mwenzangu apite humohumo.

Tuanze na kitu chenyewe. Balbu ya halojeni ina uzi mwembamba wa tungsteni unaopata moto mpaka unawaka. HID haina uzi. Ndani ya kichupa chake kidogo kuna gesi ya zenoni na chumvi za metali, pamoja na ncha mbili za tungsteni zinazotazamana. Umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine kama radi ndogo isiyokatika, na radi hiyo ndiyo mwanga wenyewe. Ili iruke mara ya kwanza, volti 12 za betri hazifui dafu. Balasti, yaani kisanduku kidogo cha umeme kinachokaa kati ya betri na balbu, inazipandisha hadi zaidi ya 20,000 kwa kufumba na kufumbua, na taa ikishawaka inashusha hadi takribani volti 85 kwa balbu za D1 na D2, au 42 kwa D3 na D4, ambazo hazina zebaki. BMW 7 Series ilitoka kiwandani na taa hizi tangu 1991, kwa hiyo si mambo ya jana.

Kinachotuvutia ni hesabu. Balbu ya halojeni ya H7, wati 55, inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 1,500. D2S ya HID, wati 35 tu, inatoa kama 3,200. Mwanga zaidi ya mara mbili, umeme pungufu. Nani asingetaka?

Hapo ndipo wengi tunanaswa, maana mwanga mwingi ndani ya balbu si lazima uwe mwanga mwingi barabarani. Riflekta, yaani kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa, imepigiwa hesabu kwa uzi wa halojeni, kwa umbo lake na mahali pake kamili. Uzi ukisogea hata milimita moja, mwanga unakwenda kwingine. Radi ya HID haijanyooka kama uzi ule. Imejipinda kidogo kama ndizi, na inang'aa zaidi karibu na ncha zake. Ukiipachika kwenye riflekta ya halojeni, mwanga unatawanyika: mwingine unapanda kwenye miti, mwingine unaingia machoni mwa anayekuja, na rundo zima linamwagika mita chache mbele ya bampa.

Rundo hilo la karibu ndilo linalotudanganya. Lami ya mbele ya gari inakuwa nyeupe pee, unasema sasa nina taa. Kumbe mboni ya jicho imejikaza kwa ule weupe wa karibu, na kule mbali, alipo mtu wa miguu mwenye nguo nyeusi, unaona kidogo kuliko ulivyokuwa ukiona na halojeni. Mimi nililigundua hilo usiku wa mvua. Kulikuwa na mwendesha baiskeli upande wangu na nilimwona nikiwa nimeshamkaribia mno. Nilimkwepa, nikasimama pembeni, nikazima gari na kukaa kimya muda mrefu. Kesho yake nikazing'oa.

Msimamo wangu ni huu: HID ikae kwenye taa iliyozaliwa kwa HID, au kwenye projekta ya HID (kikombe chenye lenzi mbele yake na kikinga kinachokata mwanga) iliyopandikizwa ndani ya taa yako kwa ufundi. Ukitaka kujua taa yako ilizaliwa kwa ajili gani, soma herufi zilizochapwa kwenye kioo chake. Taa zilizopita kipimo cha Ulaya zina herufi E ndani ya duara, na karibu yake utaona HC, HR au HCR kama ni ya halojeni, ama DC, DR au DCR kama ni ya HID. C ni dimu, yaani mwanga wa chini, R ni fulu, yaani mwanga wa juu.

Na kabla hujanunua chochote, angalia vitu viwili ambavyo huenda vikakuondolea haja yote ya HID. Kioo cha taa kikishakuwa cha njano, hata uweke balbu ya namna gani ni kazi bure. Kipige msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, ukipolishe halafu ukipake kinga ya jua, la sivyo njano itarudi upesi. Cha pili ni volti. Washa injini, washa dimu, pima betri, halafu pima nyuma ya soketi ya balbu huku taa inawaka. Kwangu betri ilikuwa na 14.0 na soketi 12.3. Volti 1.7 zilikuwa zinaliwa na swichi na nyaya nyembamba za kiwandani. Mwanga wa halojeni unaporomoka haraka sana volti zikishuka, kwa kiasi hicho unapoteza karibu theluthi moja. Kuna watu wanachukia taa za magari yao na kumbe tatizo ni waya.

Sehemu ya nyaya naileta nikipata nafasi. Karibuni.

#2 dereva_usiku

Mkuu nimesoma yote na nakuheshimu, ila mimi nina seti ya HID kwenye riflekta mwaka wa tatu sasa na naona vizuri tu. Ili nisiwaumize watu nimezishusha taa kidogo. Hapo tatizo liko wapi?

#3 mleta_uzi

Ndugu yangu, ukizishusha unashusha kila kitu kwa pamoja. Mwanga mzuri uliokuwa unafika mbali unaurudisha karibu, na ule uliotawanyika juu unabaki juu, maana haufuati mstari wowote. Unakuwa umepunguza uonaji wako bila kumwondolea mwenzako maumivu.

Usinisikilize mimi, jaribu. Usiku, mahali tambarare, egesha gari lako na uwashe dimu. Mwache mtu kwenye usukani, wewe nenda ukakae ndani ya gari jingine mita 30 hivi mbele, mkitazamana. Tazama taa zako kama anavyozitazama anayekuja. Halafu mwambie mtu wa tatu mwenye nguo nyeusi asimame nyuma ya gari lako, kwenye giza, pembeni ya njia. Jiulize kama unamwona.

Sheria nazo hazikai kimya kwenye hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi zimetaka taa ya dimu yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kujishusha chenyewe gari likibeba mzigo, pamoja na kisafisha kioo cha taa. Si urembo ule. Ukipakia watu nyuma pua ya gari inanyanyuka, na tope kwenye kioo linatawanya mwanga. Marekani nako seti za kubadilisha halojeni kuwa HID hazikidhi kanuni ya taa za magari. Kila mtu asome sheria ya anakoendesha, ila hata sheria ingekaa kimya, yule anayekuja mbele yako ana macho.

#4 fundi_rewaya

Nakazia. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari na nimefungua taa nyingi zilizoharibiwa na seti hizi. Mbaya kuliko zote ni za wati 55. Mtu anaona 35 hazitoshi, anaweka balasti ya 55. Baada ya muda rangi ya fedha ndani ya riflekta inaungua, inakuwa ya kijivu juu ya balbu, na hapo hata ukirudisha halojeni taa imeshakufa.

Jingine ni watu kuchomeka balasti moja kwa moja kwenye soketi ya kiwandani. Wanasema HID inakula umeme kidogo kuliko halojeni, kwa hiyo waya wa zamani unatosha. Ni kweli ikishatulia, balasti ya wati 35 inavuta ampea 3 hadi 3.5 hivi, wakati halojeni ya 55 inavuta zaidi ya 4. Lakini sekunde zile za kwanza za kuwaka si hivyo! Balasti inavuta ampea 8, 10, nyingine zaidi. Waya mwembamba na swichi iliyochoka havitoi hizo, volti inaanguka, balasti inashindwa, inajaribu tena, inashindwa tena. Ndiyo ile taa unayoiona inapepesa ukiwasha.

Mkuu lete nyaya, mimi nitasahihisha.

#5 mleta_uzi

Asante fundi. Haya, nyaya.

Wazo ni moja tu: umeme wa kuwashia balasti utoke betri moja kwa moja, na waya wa zamani wa taa ubaki na kazi ya kutoa amri. Katikati anakaa rilei. Rilei ya kawaida ya gari ina miguu minne yenye namba. 30 inapokea umeme kutoka betri. 87 inautoa kwenda kwenye balasti. 85 na 86 ni miguu ya koili, ikipata umeme inakuwa sumaku na kuunganisha 30 na 87.

Mimi nimetumia rilei mbili, kila taa yake na fyuzi yake. Seti nyingi zinakuja na rilei moja inayolisha pande zote mbili, na inafanya kazi, lakini siku rilei hiyo ikifa usiku barabarani unabaki kipofu kabisa. Ukiwa na mbili, unabaki na taa moja ya kukufikisha.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi upana wa kiganja kutoka nguzo ya chanya. Hili naomba lisipuuzwe. Waya ukichubuka na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachoukata, utawaka mpaka mwisho. Ukubwa wa fyuzi fuata karatasi ya balasti, kwangu ni ampea 15 kila upande. Waya kutoka betri nimeweka milimita za mraba 2.5. Amri ya koili haina uzito, waya mwembamba unatosha.

Ethi ndiyo inayosahaulika. Watu wanafunga chanya vizuri, halafu hasi wanaibana kwenye boliti yenye rangi na kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake. Kama gari lako ni la kisasa na lina kifaa cha kupimia umeme kwenye nguzo ya hasi ya betri, usifunge ethi yako kwenye nguzo hiyo, ifunge kwenye bodi. Vinginevyo gari halitahesabu umeme unaotumia na litachaji betri kwa hesabu isiyo sahihi.

Ukimaliza, pima tena kama nilivyoeleza juu. Taa ikiwa imewaka na kutulia, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya inayoingia balasti. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Kila upande usizidi volti 0.3 hivi. Ikizidi, kuna kiungo kibovu, kitafute.

Balasti usiifunge juu ya rejeta wala jirani na bomba la moshi, na nyaya zake zitokee chini ili maji yasitiririkie ndani. Waya mnene unaokwenda kwenye balbu ndio wenye volti za kuua. Usiukate, usiurefushe, usiupitishe pamoja na nyaya za redio au vihisio. Usishike soketi ya balbu taa ikiwa imewashwa, na kabla ya kugusa chochote zima taa, chomoa fyuzi, subiri dakika kadhaa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie kazi hii kabisa.

Kioo cha balbu kisiguswe kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua pale yalipogusa na kioo kinadhoofika hapo hapo. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti na kitambaa safi.

#6 mgeni_wa_umeme

Naomba msaada wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Gari langu linatumia balbu za H4, fulu na dimu humo humo. Niliunganisha waya wa amri kwenye waya wa dimu. Dimu inawaka vizuri, ila nikipiga fulu taa zinazima zote! Nilikuwa kwenye kona, nilitetemeka. Halafu kuna waya mmoja nikiupima una umeme muda wote, hata fulu, hata dimu. Sielewi.

#7 fundi_rewaya

Pole sana. Umekutana na mambo mawili kwa wakati mmoja na yote ni ya kawaida.

La kwanza: kwenye magari mengi ya H4, ukipiga fulu umeme wa dimu unakatwa. Kwa halojeni ni sawa kwa sababu uzi wa fulu unachukua nafasi. HID ina radi moja tu, inatakiwa ibaki imewaka muda wote, na fulu inapatikana kwa sumaku ndogo inayosogeza balbu au kikinga chake. Kwa hiyo amri ya rilei lazima itoke pande zote mbili, dimu na fulu, kupitia diodi mbili ili umeme wa upande mmoja usirudi upande wa pili. Waya wa fulu peke yake ndio uendeshe ile sumaku. Kwa sasa usiendeshe hilo gari usiku.

La pili: waya wenye umeme muda wote ndio unaokuambia gari lako linawashia taa kwa hasi. Toyota nyingi za zamani ziko hivyo. Chanya inakaa kwenye balbu tayari kupitia waya wa pamoja, na swichi ya usukani inaunganisha ethi ya dimu au ya fulu. Ukifunga 85 kwenye bodi na 86 kwenye waya wa dimu kama michoro mingi inavyoonyesha, haitafanya kazi, au itafanya vituko. Funga 86 kwenye waya wa pamoja wenye chanya, na 85 kwenye waya unaopewa hasi. Diodi nazo zigeuzwe.

Kanuni rahisi ya kukumbuka: miguu miwili ya koili ikae palepale ulipokuwa uzi wa dimu, kati ya miguu miwili ya soketi iliyokuwa inauwasha. Hapo haijalishi gari linawashia kwa chanya au kwa hasi, koili itapata umeme wakati uleule uzi ulipokuwa unapata. Ila kama rilei ina diodi ndani, angalia chanya iingie mguu ulioandikiwa chanya.

#8 mwenye_lori

Mie nina maswali mawili. Lori langu ni volti 24. Na pili, nilinunua balbu zilizoandikwa 8000K nikijua ndizo kali kuliko 4300K. Kwenye ukavu zinapendeza, bluu safi. Mvua ikinyesha naona kama nimezima taa. Balbu feki au nini?

#9 mleta_uzi

Balbu huenda ni nzima kabisa. Hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, si cha ukali. 4300K ni weupe wenye umanjano kwa mbali, na ndiyo rangi inayotoka kiwandani kwa sababu hapo balbu inatoa lumeni nyingi zaidi. Ukipanda 6000K unaanza kupoteza mwanga. 8000K ni bluu, na zaidi ya hapo ni zambarau. Kila unavyopanda unalipia rangi kwa mwanga. Juu ya hilo, lami iliyolowa inaupeleka mwanga wako mbele kama kioo badala ya kukurudishia, na jicho linapata taabu na bluu kwenye mvua na ukungu, linaona mng'ao tu bila umbo la vitu. Mtu wa safari ndefu za usiku kama wewe, kaa na 4300K. Nasema hivi kwa moyo wote, maana lori halisimami kama gari dogo.

Kwenye volti 24, soma kwenye mwili wa balasti imeandikiwa volti ngapi hadi ngapi. Ipo inayoanzia 9 hadi 32, hiyo inafaa. Iliyoandikiwa 9 hadi 16 itakufa hapo hapo. Na rilei iwe ya 24, ya 12 koili yake itaungua.

#10 taa_moja

Mimi taa ya kulia inawaka siku nyingine na siku nyingine hapana. Nikizima na kuwasha mara tatu nne inakubali. Na rangi yake imeanza kuwa ya waridi, ya kushoto bado nyeupe. Gari pia linaandika kwenye dashibodi kwamba balbu imekufa, hata zikiwa zinawaka zote.

#11 fundi_rewaya

Rangi ya waridi ni dalili ya balbu inayoelekea mwisho. Lakini hakikisha kabla ya kununua. Zima, chomoa fyuzi, subiri zipoe, kisha hamisha balbu ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Ubovu ukihama na balbu, ni balbu. Ukibaki kulia, hamisha balasti kwa mtindo huohuo. Ukibaki kulia tena, tatizo ni waya au ethi ya kulia. Na ukibadilisha balbu badilisha zote mbili, kwa sababu rangi na nguvu zinabadilika kwa umri, mpya na nzee hazitalingana.

Acha tabia ya kuzima na kuwasha mara nyingi, kila kuwaka kunakula ncha za balbu. Washa injini kwanza, taa baadaye, kwa sababu starta ikizunguka volti zinaanguka na balasti inakatika katikati ya kuwaka.

Hilo la dashibodi: gari lako linapima balbu kwa kuangalia umeme unaovutwa, na baadhi ya magari hayatoi umeme mfululizo kwenye taa, yanaukatakata kwa kasi ambayo jicho halioni. Halojeni haijali. Balasti inajali sana, inapepesa au inakufa mapema. Rilei iliyolishwa na betri moja kwa moja inatibu sehemu kubwa, ila koili nayo inaweza kugongagonga kwa amri hiyo iliyokatwakatwa, hapo ndipo wanaweka kapasita kwenye amri. Kwa kipimo cha dashibodi kuna rizista inayowekwa sambamba ili gari lione mzigo liliouzoea. Rizista hiyo inachoma kama pasi! Ifungwe kwenye chuma, kamwe isigusane na plastiki wala nyaya.

#12 dereva_usiku

Wakuu, nimerudi. Nilifanya lile jaribio la #3 na mdogo wangu. Nilikaa kwenye gari la pili nikatazama taa zangu na sikuweza kuzikazia macho hata sekunde mbili. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya gari muda wote na mimi sikumwona. Nilifikiri ameingia ndani. Nimejisikia vibaya sana.

Nimeshazitoa. Kwa sasa nimerudisha halojeni na nimezifungia rilei kama mlivyoelekeza, soketi imetoka volti 12.1 hadi 13.6. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Fundi wangu anapandikiza projekta mwezi huu. Balbu za projekta ninunue D2S au D2R? Na nikishafunga, napima vipi?

#13 mleta_uzi

Umefanya jambo la kiungwana kuja kusema. Asante.

Projekta inataka D2S. D2R ina mstari wa rangi nyeusi kwenye kioo chake unaokinga sehemu ya mwanga, kwa ajili ya riflekta zilizoundwa kwa HID. Ukiiweka kwenye projekta unapoteza mwanga bure.

Kabla fundi hajagandisha kioo cha taa kwa silikoni, mwambie awashe projekta na aangalie mstari wa mwanga umelala sawa. Ikigandishwa ikiwa imepinda, utaifungua tena yote. Na swali muhimu kuliko yote: projekta hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto au kulia? Mstari wa dimu haulingani pande mbili, upande mmoja unapanda ili kumulika ukingo wa barabara walipo watu wa miguu. Projekta ya wanaoendesha kulia inapanda kulia. Ukiitumia unapoendesha kushoto, ule mkwezo unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja, hata ushushe vipi.

Kupima: tafuta ukuta na ardhi tambarare kweli, usikadirie kwa macho. Upepo wa matairi uwe sawa, mafuta nusu tangi, mtu mzito kama wewe akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari mpaka karibu ligusane na ukuta, weka alama za tepu usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5 kutoka ukutani hadi kwenye taa. Mstari wa juu wa dimu, sehemu iliyolala, uwe sentimita 5 chini ya zile alama. Hiyo ni asilimia 1, yaani kila mita 10 mwanga unashuka sentimita 10. Magari mengi yana asilimia yake imechapwa kwenye kibandiko au kwenye taa yenyewe, ukiikuta fuata hiyo. Funika taa moja kwa kitambaa wakati unapima nyingine, ila HID usiiache imefunikwa muda mrefu, inapata joto.

Kwenye ukuta utaona kitu ambacho riflekta haikukupa kamwe: juu ya mstari giza, chini ya mstari mwanga, kama vile umekata kwa kisu.

#14 mgeni_wa_umeme

Nami nalipa deni la mrejesho. Fundi amegeuza rilei na kuweka diodi kama ilivyoelezwa kwenye #7. Fulu haizimi tena. Ila baada ya kusoma uzi wote, hata hizi zangu za H4 ziko kwenye riflekta, kwa hiyo nafuata nyayo za dereva_usiku, narudisha halojeni na rilei nitaziacha palepale.

#15 fundi_rewaya

Ukirudisha halojeni, rilei mbili ulizonazo tumia moja kwa dimu na nyingine kwa fulu, na zile diodi zitoe. Amri ya dimu iende kwa dimu, fulu kwa fulu. Ukiziacha diodi nyuzi zote mbili zitawaka pamoja ukipiga fulu na balbu itapata moto kupita kiasi. Rangi za nyaya usiziamini, kila mmoja upime kwa mita kabla hujaukata.

#16 dereva_usiku

Projekta zimefungwa jana, D2S, 4300K. Nimepima ukutani mita 5, kushoto sentimita 5 chini, kulia 4 na nusu, nimeshusha hadi 5. Usiku nimerudia lile jaribio, mdogo wangu nyuma ya gari, mimi gari la pili. Safari hii nilimwona, na aliponipungia mkono nikampungia.

#17 mleta_uzi

Nimefurahi mno. Wiki ijayo rudi ukutani upime tena, boliti zikishakaa mstari huwa unasogea kidogo.